Nzuri au Vizuri? Kipimo cha Kiswahili kwa Vivumishi na Vielezi vya Kiingereza

Mnunuzi wa ndizi aliyetoka Dar es Salaam hadi gulioni Kinole anaweza kusikia sentensi mbili zinazokaribiana kwa sauti na kuachana kabisa kwa maana. "Ndizi zinaonekana nzuri" ni sifa ya mikungu: imekomaa, haina michubuko, inafaa kupakiwa. "Ndizi zinaonekana vizuri" ni habari ya macho tu: hakuna turubai wala mgongo wa mtu unaozikinga. Hakuna mtoto wa Kinole anayezichanganya sentensi hizo. Lakini mtoto huyohuyo akifika sekondari huandika "The farmer works good", na akishasahihishwa, wiki inayofuata anaandika "The bananas look nicely", kwa sababu amekariri kwamba baada ya kitenzi lazima kije kielezi.

Kosa la pili ni la mtu anayejitahidi, na ndilo gumu zaidi kulitoa.

Kinole ni kata ya Wilaya ya Morogoro, upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru, ule unaoitazama Bahari ya Hindi na kupata mvua nyingi kuliko upande wa magharibi. Mvua hiyo ndiyo inayolea migomba, machungwa, mananasi na viungo kama pilipili manga, karafuu, mdalasini na iliki. Nyumba nyingi huko huzungumza Kiluguru. Mtoto akianza shule anakutana na Kiswahili, ambacho kimekuwa lugha ya kufundishia elimu ya msingi tangu 1967, na akifika kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Kwa hiyo Kiingereza kwake ni lugha ya tatu, na sarufi yake anaifikia akiwa tayari ana sarufi mbili kamili kichwani. Walimu wengi huiona hali hiyo kuwa mzigo. Kwa suala la vivumishi na vielezi, ni mtaji ambao haujatumika.

Wanaouhitaji mtaji huo si wanafunzi peke yao. Yupo kijana anayeongoza wageni kwenda msituni, na kipo kikundi cha wakulima kinachotaka kufunga viungo vyake kwenye pakiti zenye maandishi ya Kiingereza. Hao hawasahihishwi na mwalimu. Husahihishwa na mgeni asiyeelewa au mnunuzi anayerudisha pakiti rafuni.

Kanuni yenyewe ni fupi. Kivumishi hueleza nomino: mtu, kitu, mahali. Kielezi hueleza kitenzi, na pia huweza kueleza kivumishi au kielezi kingine. Kila kitabu cha sarufi kinasema hivyo, na kila mwanafunzi anaweza kuitaja kanuni hiyo usingizini. Tatizo huanza anaposhika kalamu, maana hapo haulizwi fasili. Anatakiwa kuchagua kati ya "careful" na "carefully", na muda unakwenda.

Hapo ndipo Kiswahili kinapofaa kuitwa shahidi. Mwanafunzi aichukue sentensi anayotaka kuiandika, aiseme kwa Kiswahili, kisha mahali pa neno linalomtatiza aweke -zuri. Akijikuta amesema mzuri, nzuri, zuri au kizuri, yaani neno limefuata ngeli ya nomino, basi Kiingereza kinataka kivumishi. Akijikuta amesema vizuri, neno lisilojali nomino ni ya ngeli gani, basi Kiingereza kinataka kielezi.

Mfano: "dereva makini." Neno makini halibadiliki, kwa hiyo kwa sura peke yake halimwambii mwanafunzi chochote. Akiweka -zuri anapata "dereva mzuri": kivumishi, "a careful driver". "Anaendesha kwa makini" linageuka "anaendesha vizuri": kielezi, "drives carefully". Neno haraka nalo lina sura moja kwa kazi zote. "Mlo wa haraka" huwa "mlo mzuri", na "kula haraka" huwa "kula vizuri". La kwanza ni kivumishi, la pili ni kielezi, na Kiingereza kinataka "a quick lunch" kwa mlo wa haraka lakini "eat quickly" kwa anayekula hivyo. Mvua nayo vilevile: "mvua kubwa" ni "mvua nzuri", hivyo "heavy rain"; "imenyesha sana" ni "imenyesha vizuri", hivyo "it rained heavily".

Upo mtego mmoja mdogo. Vizuri inaweza pia kuwa kivumishi cha wingi cha ngeli ya ki-vi, kama katika "vitabu vizuri". Mwenye shaka airudishe nomino kwenye umoja. "Kitabu kizuri" kimebadilika, basi ni kivumishi. "Anasoma vizuri" na "wanasoma vizuri" hazibadiliki hata watu wakiongezeka, basi ni kielezi.

Kwa jozi ya "good" na "well" kipimo hiki karibu kinamaliza kazi chenyewe. Mzuri na ndugu zake wote ni "good". Vizuri ni "well". Anayezungumza Kiingereza vizuri "speaks English well", na Kiingereza chake ni "good English". Kumbuka tu kwamba "well" huweza kuwa kivumishi kwa habari ya afya: mtu aliyepona ni "well". Na mgeni Mmarekani akijibu salamu kwa kusema "I'm good", asionekane mjinga. Kwao ni jibu la kila siku, ila haifai kuigwa kwenye chumba cha mtihani.

Kipimo cha -zuri kinaonyesha kazi ya neno. Hakionyeshi sura yake, na hapa ndipo shule zinapowapa watoto nusu ya habari. Wanaambiwa kwamba kielezi cha Kiingereza huishia na -ly. Ni kweli kwa maelfu ya maneno: "slow" huzaa "slowly", "easy" huzaa "easily" kwa kugeuza y kuwa i, "gentle" huzaa "gently", na "careful" huzaa "carefully" yenye l mbili, moja ya neno na moja ya kiambishi, ingawa kwenye madaftari mengi l moja hupotea. Lakini mkia huo haumilikiwi na vielezi peke yao.

Njia nzuri ni kuukata mkia na kutazama kinachobaki. Kikibaki kivumishi, neno zima ni kielezi: "slow" ni kivumishi, basi "slowly" ni kielezi. Ikibaki nomino, neno zima kwa kawaida ni kivumishi. "Friend" ni rafiki, basi "friendly" ni kivumishi. "Cost" ni gharama, basi "costly" ni kivumishi. "Coward" ni mwoga, basi "cowardly" nayo ni kivumishi. Ndiyo maana "He greeted us friendly" haisimami, hata kama mkia upo. Mwingereza husema "He greeted us in a friendly way". Maneno ya nyakati kama "daily", "weekly" na "monthly" hufanya kazi zote mbili: gulio la kila wiki ni "a weekly market", na likifanyika kila wiki "it is held weekly". Yapo pia yasiyofuata kanuni hii, kama "ugly" na "silly", ambayo ni vivumishi vya kukariri tu.

Kundi linaloumiza zaidi ni la maneno ambayo kivumishi na kielezi chake vina sura moja: "fast", "hard", "late", "early", "straight", "high". Basi la haraka ni "a fast bus", na linakwenda "fast". Neno "fastly" halimo katika Kiingereza cha leo, ingawa halikosekani kwenye insha za shule. Mbaya zaidi, baadhi ya maneno haya yakipachikwa -ly huzaa neno lenye maana nyingine kabisa.

Tuseme kijana wa Kinole anaombewa kibarua kwenye hoteli mjini Morogoro, na aliyemwandikia barua ya kumtambulisha amekusudia kusema kwamba anafanya kazi kwa bidii. Anaweka -zuri, anapata "anafanya kazi vizuri", anajua kwamba anahitaji kielezi. Mpaka hapo yuko sawa. Kisha anakumbuka -ly na kuandika "He hardly works". Meneja anasoma: huyu kijana hafanyi kazi, au anafanya kwa nadra mno. Barua iliyokusudia kumsifu imemfungia mlango, na hakuna atakayempigia simu kumweleza sababu. Kilichotakiwa ni "He works hard", bila mkia wowote.

Ndugu za neno hilo ni wengi. "Late" ni kwa kuchelewa, lakini "lately" ni hivi karibuni. Gari lililochelewa kutoka Morogoro "arrived late". "Near" ni karibu kwa mahali, na "nearly" ni nusura. "High" ni juu kwa kipimo cha macho, kama ndege arukaye "high", na "highly" hutumika kwa sifa, kama mtaalamu aliye "highly respected". Kwenye kibao cha kiingilio, watoto wanaoingia bure "enter free", maana "freely" ingesema wanaingia bila kizuizi, na mzazi asingejua kama kuna malipo au la. Maneno haya hayazidi ukurasa mmoja wa daftari. Ni afadhali kuyakariri yote kwa sentensi zake kuliko kuyatafutia kanuni.

Sasa yale maeneo ambayo Kiswahili, shahidi wetu mwaminifu, hupotosha. La kwanza na kubwa ni vitenzi vya hisi. Mdalasini wa Kinole ukivunjwa kipande, Mswahili husema unanukia vizuri. Kipimo cha -zuri kinajibu bila kusita: kielezi. Kiingereza kinakataa. Kinasema "The cinnamon smells good" au "smells sweet", kwa kivumishi, kwa kuwa kwa Mwingereza mdalasini hapo haufanyi tendo lolote. Kitenzi "smells" kimekaa tu kama daraja kati ya mdalasini na sifa yake. "Look", "taste", "feel", "sound", "seem" na "become" hukaa vivyo hivyo. Anayejisikia vibaya "feels bad". Wimbo unaosikika vizuri "sounds good".

Lakini baadhi ya vitenzi hivyo vina maisha mawili. Mnunuzi aliyekasirika "looked angry", maana hasira ni sifa yake. Mnunuzi huyohuyo akiitupia mizani jicho la hasira "looked angrily at the scales", maana sasa anatenda, anatazama. Mpishi huonja mchuzi kwa makini, "tastes the soup carefully", na mchuzi wenyewe "tastes good". Dawa ya hapa ni kuweka "is" au "was" mahali pa kitenzi. "The buyer was angry" inaleta maana ileile, basi kivumishi kinakaa. "The buyer was angrily at the scales" haisemeki, basi hapo kuna tendo na kielezi kina kazi.

Cha ajabu, Kiswahili chenyewe kinaijua tofauti hii. Ndicho kilichotenganisha ndizi zinazoonekana nzuri na zile zinazoonekana vizuri. Za kwanza ni "look good". Za pili "can be seen clearly". Mwalimu anayeanza na jozi hiyo ya sentensi atakuwa ameshafundisha nusu ya somo kabla ya kuandika neno la Kiingereza ubaoni.

Eneo la pili ni neno sana. Mswahili hulibeba popote: zuri sana, haraka sana, nakupenda sana, ameumia sana. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo. "Very" hukaa mbele ya kivumishi au kielezi, kama "very sweet" na "very slowly". Haikai peke yake na kitenzi. Kwa hiyo "I very like pineapples" ni Kiswahili kilichovaa nguo za Kiingereza. Sentensi yenyewe ni "I like pineapples very much". Tazama pia mahali "very much" ilipokaa. Kwa Kiswahili mtu husema "anapenda sana mananasi" au "anapenda mananasi sana", zote sawa. Kiingereza hakipendi kielezi kiingie kati ya kitenzi na kinachotendwa, ndiyo sababu "He speaks well English" husikika vibaya hata kama kila neno ni sahihi.

La tatu ni amri za tahadhari, na viongozi wa wageni hukutana nazo kila siku mvua ikishanyesha. "Be" humtaka mtu awe na sifa fulani, kwa hiyo hufuatwa na kivumishi: "Be careful", "Be quick". Kitenzi cha tendo hufuatwa na kielezi: "Walk carefully", "Come quickly". Anayesema "Be carefully" amechanganya amri mbili. Njia inayoteleza ni "slippery", ambayo kwa Kiingereza ni kivumishi ingawa kwa Kiswahili inateleza ni kitenzi.

Viongozi hao wana neno jingine la kuliangalia sana: "only". Msitu wa juu ya vijiji umo katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iliyotangazwa 2008, na humo yumo ndege aitwaye kwa Kiingereza Uluguru Bush-shrike, asiyepatikana popote pengine duniani. Kumweleza mgeni habari hiyo, kiongozi aseme "This bird is found only in the Uluguru Mountains". Hapo "only" ni kielezi, sawa na "tu". Akisema "This is the only bird found in the Uluguru Mountains", neno limegeuka kivumishi, sawa na "pekee", na mgeni mwenye darubini shingoni ataanza kucheka, kwa sababu amesikia ndege wengine tangu alfajiri. Wala si kweli kwamba ni yeye tu aliye mali ya Uluguru: Loveridge's Sunbird, wa jamii ya chozi, naye hupatikana huko tu. Ndege adimu ni "a rare bird", na ndege anayeonekana kwa nadra "is rarely seen". Kipimo cha -zuri kinafaa hapa bila kubadilishwa: ndege mzuri, anaonekana vizuri.

Kuhusu pakiti za viungo, kosa dogo huweza kubadilisha bidhaa. "Fresh pepper" inaweza kumfikirisha mnunuzi pilipili mbichi, ya kijani, iliyochumwa punde. Kikundi kikiwa kimekausha pilipili manga na kuisaga siku ileile ya kufunga, kinachotakiwa ni "freshly ground black pepper". Kwa nini "freshly"? Kwa sababu linaeleza kusagwa, halielezi pilipili: pilipili iliyosagwa vizuri. Kwa njia hiyohiyo, "organic" hukaa mbele ya bidhaa, "organic cloves", na "organically" hukaa mbele ya namna ilivyolimwa, "organically grown cloves". Morogoro ina Sustainable Agriculture Tanzania, shirika linalofundisha kilimo hai, kwa hiyo maneno haya mawili si mageni huko. Jambo moja nje ya sarufi: neno "organic" ni dai mbele ya mnunuzi, na wanunuzi wa nje huomba cheti chake. Lisiandikwe kwa sababu tu linapendeza.

Mwanafunzi mjanja ataleta pingamizi. Barabarani ameona kibao cha "Go slow", na amesikia kwamba kampuni ya Apple ilijitangaza kuanzia 1997 kwa maneno "Think different". Mbona hakuna -ly? Pingamizi lake ni la haki. Kiingereza tangu zamani kina vielezi visivyo na mkia, na enzi za Shakespeare vilikuwa vingi kuliko leo. "Slow" ni kimojawapo cha vilivyosalia, hasa kwenye vibao na katika mazungumzo. Tangazo lile nalo lilizua mabishano miongoni mwa wenye lugha wenyewe. Ajuaye kanuni anaweza kuivunja kwa makusudi akiandika tangazo. Kwenye karatasi ya Baraza la Mitihani la Tanzania au kwenye barua ya kazi, "slowly" na "differently" ndizo salama.

Kuhusu mazoezi, orodha ndefu za maneno zina faida ndogo. Kinachofaa ni kurasa za mwanafunzi mwenyewe. Achukue insha aliyokwisha kuandika, apige mstari chini ya kila neno linaloeleza sifa au namna, aweke -zuri mahali pake, kisha aangalie kama kitenzi kilicho karibu ni cha hisi. Neno likiendelea kumtatiza, afungue kamusi. Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI, iliyotolewa kwanza 1996, huweka alama "adj" kwa kivumishi na "adv" kwa kielezi mara baada ya neno, na wengi huiruka alama hiyo wakikimbilia maana. Likiwa na alama zote mbili, kama "fast" na "early", basi sura ni moja na hakuna cha kuongeza.

Walimu nao wanaombwa jambo moja. Wasahihishapo, wasiishie kukata neno kwa wino mwekundu na kuandika lililo sahihi juu yake. Waandike pembeni neno la Kiswahili, nzuri au vizuri, na kumwacha mwanafunzi atafute mwenyewe neno la Kiingereza linalolingana nalo. Na wewe msomaji mwenye pakiti, kibao au barua inayosubiri kupelekwa kwa mchapaji, isome leo kwa kipimo hicho, maana mchapaji atachapa ulichompa.